Modeli za ndege za Japani zisizojulikana sana: nianze na ipi, na nitaipakaje rangi katika hewa ya Dodoma?

Mwalimu wa Ipagala

Habari za wakati huu, ndugu zangu wapenzi wa modeli.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, ninaishi Ipagala hapa Dodoma, na kwa muda sasa nimekuwa nikiunganisha modeli za plastiki za ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, kwa sababu ndicho kinachoenea kwenye kabati yangu na ndicho ambacho gharama yake ya posta inavumilika. Ndani ya kabati zimo zile ambazo karibu kila mtu huanza nazo: Spitfire ya Uingereza, Mustang ya Marekani na Zero ya Japani. Zero ndiyo iliyonivuta zaidi, kwa kuwa nilipoanza kusoma habari za Wajapani niliona kwamba nyuma ya jina hilo moja kuna ndege nyingi ambazo hazitajwi kabisa: ndege zilizobebwa ndani ya nyambizi, ndege za kivita zenye maboya badala ya magurudumu, ndege za upelelezi zilizowaacha nyuma waliotumwa kuzifukuza, na ile Shinden ya kampuni ya Kyushu, yenye mabawa makubwa nyuma na madogo mbele, propela ikiwa mkiani, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1945, vita vikiwa vimebakiza siku chache tu kumalizika.

Ningependa modeli yangu ijayo itoke katika kundi hilo, na naomba ushauri wenu kabla sijatuma fedha. Kwanza, ni ndege ipi inayomfaa mtu ambaye amekwisha kuunganisha modeli chache lakini hajawahi kugusa ndege ya maboya? Majina yake pia yananichanganya, maana ndege moja naiona ikiitwa kwa namba, kwa jina la Kijapani na kwa jina la mtu wa Kizungu, na sijui nitafute lipi.

La pili ni rangi. Wauzaji wa nje wananitumia boksi bila shida, lakini chupa za rangi zenye asili ya mafuta hawakubali kuzipeleka kwa ndege kwa kuwa zinashika moto. Rangi niliyo nayo imebaki kidogo. Nimejaribu kupuliza rangi mchana wakati huu wa upepo, na ikakauka juu ya plastiki ikiwa na chembechembe kama msasa, tena vumbi likanasa juu yake. Wenzangu mnaoishi kanda hii ya kati mnafanyaje?

---

Mzee wa Reli, Manyoni

Mwalimu, salamu nyingi kutoka Manyoni.

Nianze na majina, kwa sababu usipoyajua utanunua ndege usiyoikusudia. Jeshi la Nchi Kavu la Japani lilizipa ndege zake namba inayoanza na Ki, kwa mfano Ki-46 au Ki-61. Jeshi la Majini lilitumia herufi na tarakimu: katika E14Y, E ni ndege ya upelelezi inayotua majini, 14 ni usanifu wa kumi na nne wa aina hiyo, na Y ni Yokosuka, mahali iliposanifiwa. Juu ya hayo kulikuwa na jina la aina, lililotokana na mwaka wa kalenda ya kifalme ya Japani, na ndiyo sababu ndege ya mwaka 1940, yaani 2600 kwa hesabu yao, wanamaji waliiita Aina 0 huku wenzao wa nchi kavu wakiiita Aina 100. Majina ya watu kama Glen, Dinah na Tony ni ya maadui zao. Yalianza kutolewa mwaka 1942 na maofisa wa upelelezi wa Marekani waliokuwa Australia wakiongozwa na Kapteni Frank McCoy, ili marubani waweze kutaja ndege kwa haraka kwenye redio. Unapotafuta, andika ile namba, maana ndiyo isiyobadilika kutoka boksi moja hadi jingine.

Sasa nikujibu ulichouliza. Mimi nakushauri E14Y, yaani Glen, na sababu yangu kubwa ni kwamba ndege hiyo ilifika kwetu. Mwezi Mei 1942, nyambizi ya Kijapani I-30 ilizunguka katika Bahari ya Hindi ya magharibi kutafuta manowari za Waingereza, na ndege yake moja ya aina hiyo ikaruka kuchungulia Aden na Djibouti, kisha Zanzibar na Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwezi huohuo, ndege ya aina hiyo kutoka nyambizi I-10 iliipeleleza bandari ya Diego Suarez, Madagaska, na nyambizi ndogo zilizotumwa baada ya hapo ziliijeruhi manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Watu wengi hapa nchini wanadhani vita ya Wajapani ilikuwa jambo la mbali, la Burma na visiwa vya Pasifiki, na sisi tulihusika tu kwa vile vijana wetu wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, walipelekwa huko. Modeli hii inaweza kuwafundisha wanafunzi wako kwamba vita hivyo vilipita pia juu ya bandari yetu wenyewe.

Ni ndege ndogo, yenye watu wawili, injini ya nguvu farasi 340 na mwendo usiofika kilomita 250 kwa saa. Ilifungwa ndani ya banda jembamba lisilopitisha maji kwenye sitaha ya nyambizi, ikatolewa, ikaunganishwa na mabaharia gizani au alfajiri, kisha ikarushwa kwa mtambo. Iliporudi ilitua majini kandokando ya nyambizi, ikanyanyuliwa kwa winchi na kuvunjwa tena. Septemba 1942 rubani Nobuo Fujita aliitumia kutoka nyambizi I-25 kudondosha mabomu ya moto katika msitu wa Oregon, Marekani. Ziliundwa zipatazo 126 tu.

Mabawa yake yalikuwa karibu mita 11 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo katika kipimo chako utapata kama sentimita 15. Kampuni ya modeli ya Fujimi imewahi kuitoa katika 1/72. Haina mashimo ya magurudumu ya kukuchosha, na rangi zake ni chache: wengi huipaka kijani kizito juu na kijivu chini. Ugumu wake wote uko kwenye maboya.

---

Dada wa Rangi, Kizota

Nakusalimu, Mwalimu, na shikamoo Mzee wa Reli.

Kazi yangu ni kuchanganya rangi za magari, na modeli huziunganisha nyumbani jioni, kwa hiyo nijibu hilo la pili kwa kirefu.

Huna haja ya kusubiri rangi kutoka nje. Nenda kwenye duka lolote la rangi za magari linalochanganya kwa mizani, peleka kipande cha plastiki ulichokipaka ile rangi yako iliyobaki, na uombe wakulinganishie kiasi kidogo. Kijani cha wanamaji wa Japani kina weusi mwingi na chembe ya buluu, na kosa ambalo wachanganyaji hulifanya ni kukupa kijani cha majani mabichi. Mwambie aongeze nyeusi kidogo kidogo huku mkiiangalia nje, kwenye mwanga wa jua, maana taa ya dukani inadanganya. Halafu kumbuka udogo wa modeli: rangi ileile iliyo sahihi kwenye ndege ya mita 11 huonekana nzito mno kwenye kitu cha sentimita 15, hivyo mimi hutia tone la kijivu ili ipoe.

Rangi ya magari na thina yake hula plastiki. Usiipulize nzito moja kwa moja juu ya plastiki. Tanguliza praima, yaani rangi ya msingi, kwa mipulizo myepesi ya mbalimbali, kila mmoja ukauke, na mistari midogo ya mabati iliyochongwa kwenye plastiki itabaki. Jaribu kwanza juu ya kijiko cha plastiki cha kutupwa, kwa kuwa kina mviringo kama wa kiwiliwili cha ndege na kitakuonyesha mara moja kama rangi inatiririka au inaparuza.

Kuhusu chembechembe, ulichokiona ni rangi kukauka ikiwa bado hewani. Hewa yetu ni kavu, na kuanzia Juni hadi Oktoba upepo huivuta thina yote kabla tone halijafika. Omba thina inayokauka polepole, ile ambayo wapiga rangi huitumia kwenye jua kali. Punguza nguvu ya kompresa na usogee karibu na modeli, hadi uone rangi inang'aa kwa sekunde moja inapotua, kisha inafifia. Ule mng'ao wa sekunde moja ndio kipimo chako. Usipouona, uko mbali mno, na ukidumu zaidi ya hapo, umeweka nyingi. Mimi hupuliza alfajiri, upepo haujaamka. Nikimaliza kumwagia maji sakafuni ili vumbi lilale, ndipo nafungua kopo. Kila kipande kilichopakwa hukifunika kwa boksi lililo wazi upande wa chini, nikaliinua kidogo kwa vibanio vya nguo ili mvuke utoke. Dirisha liwe wazi na uvae barakoa ya mpiga rangi yenye vichujio. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina.

Ukavu huu unagusa na supagluu. Gundi ile hugandishwa na unyevu, kwa hiyo wakati wa kiangazi utaona inachelewa kushika; ipulizie pumzi ya mdomo, au weka kitambaa kibichi kando ya kazi. Usiitumie kabisa kwenye kioo cha rubani, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Vioo vishikwe kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

Alama nyekundu za duara zisikutishe hata kama karatasi ya alama zilizomo ndani ya boksi imezeeka na kupasuka. Duara ndiyo alama rahisi kuliko zote kuchora: bandika selotepu ya karatasi juu ya kioo, funga ncha ya wembe kwenye bikari ya shule, ukate, kisha upulize nyekundu iliyotiwa kahawia kidogo. Juu ya kijani, tanguliza duara nyeupe kubwa zaidi ili ubaki ule ukingo mweupe.

---

Mwalimu wa Ipagala

Shikamoo Mzee wa Reli, na asante sana Dada wa Rangi. Sikujua hata kidogo kwamba ndege hiyo ilipita juu ya Dar es Salaam, na habari hiyo peke yake imenifanya niitamani. Karatasi ya grafu na bikari ninazo za kutosha.

Nina swali moja la nyongeza. Picha nyingi za modeli za Kijapani ninazoziona zimechubuliwa rangi sana, bati jeupe likionekana kila mahali. Je, nayo Glen niifanye hivyo?

---

Kijana wa UDOM

Shikamooni nyote.

Mwalimu, kwa heshima, nina mawazo tofauti kidogo na ya Mzee wa Reli. Historia ya Glen ni nzuri na siipingi, lakini mtu anayegusa maboya kwa mara ya kwanza anapaswa kuchagua boksi kabla ya kuchagua ndege. Vipande vinavyokutana vizuri vitakuacha ujifunze maboya. Vipande vyenye mianya vitakufanya upambane na puti ya kuzibia na msasa, na maboya yatapata uangalifu uliobaki. Ndiyo maana ningekuelekeza kwenye Seiran ya Aichi, M6A, iliyotolewa na kampuni ya modeli ya Tamiya katika 1/72 na 1/48, ambayo viungo vyake hukutana bila kusukumwa.

Seiran nayo ni ndege ya nyambizi, tena ya nyambizi kubwa kuliko zote za vita hivyo, za daraja la I-400, zenye urefu wa mita 122, ambazo kila moja ilibeba tatu. Mabawa yake yaligeuzwa na kulazwa nyuma kando ya kiwiliwili, na ncha za mkia zikakunjwa, ili iingie ndani ya bomba. Ilikusudiwa kwenda kulipua malango ya Mfereji wa Panama. Mpango huo uliachwa, na nyambizi zilipokuwa njiani kuelekea visiwa vya Ulithi katika Pasifiki, Japani ikasalimu amri. Kati ya 28 zilizoundwa imebaki moja, nayo iko Marekani katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Virginia, ikiwa imekarabatiwa kwa uangalifu mkubwa, kwa hiyo picha za ndani na za nje zipo nyingi na hutalazimika kubahatisha.

Kuhusu kuchubua rangi, usichubue Glen hivyo. Michubuko mikubwa unayoiona pichani ni ya ndege za Jeshi la Nchi Kavu, ambazo nyingi zilitoka kiwandani zikiwa bati tupu, na kijani kikapulizwa baadaye huko vikosini bila praima chini yake, kikaanza kubanduka kwa mvua na jua la nchi za joto. Rangi ya wanamaji ilishika vizuri zaidi. Kwa ndege ya maboya inatosha kufifisha rangi sehemu za juu, kukwangua kidogo pale rubani alipokanyaga bawa, na kuacha alama nyeupe za chumvi ya bahari kwenye mstari wa maji wa maboya.

Ukitaka kuchubua kwelikweli, basi siku moja uunganishe Ki-61 Hien, iliyoitwa Tony. Hiyo ilikuwa na injini inayopozwa kwa kimiminika, iliyotengenezwa kwa kibali cha usanifu wa Kijerumani wa DB 601, jambo lililoifanya iwe na pua nyembamba isiyofanana na ndege nyingine za Kijapani. Injini hiyo iliwashinda kuitunza na kuizalisha, hata viwiliwili 275 vikakaa kiwandani bila injini. Mwaka 1945 vilivalishwa injini yenye silinda zilizopangwa kwa duara, inayopozwa kwa hewa, ikazaliwa Ki-100, ambayo marubani waliipenda. Kuziweka Ki-61 na Ki-100 sambamba kabatini kunaonyesha hadithi yote hiyo bila maneno: mkia na mabawa ni yaleyale, pua mbili tofauti kabisa.

Njia yangu ya kuichubua ni ya chumvi. Napuliza rangi ya fedha kwanza na kuiacha ikauke hadi kesho yake, nalowesha sehemu ninazotaka kwa brashi yenye maji, nanyunyizia chumvi ya mawe iliyopondwa nusu, na maji yakikauka chumvi inanata. Hapo napuliza kijani. Kikikauka nasugua taratibu kwa kidole kilicholowa, chumvi inabanduka pamoja na kijani kilicho juu yake na kuacha fedha yenye kingo zisizo sawasawa, ambazo mkono hauwezi kuzichora. Chumvi laini ya mezani haifai sana kwa sababu punje zake zote zinalingana.

---

Mzee wa Reli, Manyoni

Marahaba, vijana wangu.

Kijana wa UDOM amesema kweli kuhusu ubora wa Tamiya, na kama Mwalimu hatavumilia kazi ya puti, basi Seiran ni chaguo jema. Hata hivyo bado nasimama na Glen. Mianya yake inazibika: okota vipande vya fremu ya plastiki iliyoshika vipande vya modeli, viyeyushe katika kichupa cha thina hadi viwe uji, upake kwenye mwanya, uache siku mbili, kisha msasa namba 800 na baadaye 1200. Kwa kuwa ni plastiki ileile, mwanya hautaonekana tena chini ya rangi. Ndege nzuri yenye boksi rahisi utaipata wakati wowote, lakini ndege iliyoichungulia Dar es Salaam ni hii tu.

Juu ya maboya, ushauri wangu ni huu, nao unafaa kwa Glen na Seiran. Usiyabandike ndege ikiwa imeshikwa mkononi. Chukua karatasi yako ya grafu, chora mstari wa katikati ya ndege na mistari miwili ya maboya kwa umbali uliopimwa kwenye mchoro wa maelekezo, uibandike juu ya kadibodi ngumu, na ukate vibanzi viwili vya kadibodi vya kuyashika maboya yasilale upande. Maboya yakae humo juu ya karatasi, ncha zake zikilingana. Kisha ushushe ndege juu ya mihimili, yaani vijiti vinavyoyaunganisha maboya na ndege, kutoka juu, huku kiwiliwili kikiegemea vitabu viwili vya unene sawa. Tumia gundi ya plastiki inayoyeyusha au tone la thina kwa brashi nyembamba, wala si supagluu, ili upate dakika chache za kusogeza. Simama mbele yake, jicho likiwa usawa wa meza, uangalie kama ncha mbili za mabawa ziko kimo kimoja kutoka mezani. Pima kwa rula usiamini jicho. Kisha zunguka nyuma uangalie mkia nao. Ukisharidhika, iache pale pale hadi kesho jioni, na mihimili ya mshazari uiweke baada ya hapo, kwa sababu ukiiweka mapema itavuta boya moja ndani.

Rangi ya maboya pulizeni kabla ya kuyafunga. Sehemu ya ndani yanakotazamana haifikiki tena baadaye.